Kutafuta Protini ya Msongo kwenye Tishu: Mwongozo kwa Vichinjio na Maabara za Voi na Taita Taveta

1. Madhumuni na wahusika

Mwongozo huu ni wa madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, wakaguzi wa nyama, na wanamaabara wa Kaunti ya Taita Taveta ambao kazi yao huwataka kujua kama mnyama alipatwa na msongo, hasa wa joto, kabla hajafa au kuchinjwa. Njia inayoelezwa ni kutafuta protini iitwayo Hsp70 ndani ya tishu kwa kutumia kingamwili ya monokloni.

Haja yake inajulikana kwa kila anayefanya kazi kati ya Voi, Maungu na Kasigau. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliacha mizoga ya mifugo kwenye ranchi na ya wanyamapori hifadhini. Novemba 2022, Wizara ya Utalii ilitangaza kwamba ndovu 205 walikuwa wamekufa kati ya Februari na Oktoba mwaka huo katika maeneo yaliyoathirika, Tsavo ikiwemo. Katika hali kama hiyo njaa, kiu, joto na ugonjwa humwandama mnyama mmoja kwa pamoja, na jicho tupu haliwezi kuvitenga. Hsp70 haimalizi swali hilo, lakini huongeza ushahidi ambao kisu na macho havitoi.

Kutia rangi na kusoma slaidi hufanyika katika maabara ya patholojia yenye vifaa, mara nyingi Mombasa au Nairobi. Hata hivyo, matokeo huharibikia huku kwetu: kichinjioni, bomani na ndani ya gari. Seli ambayo bado ina uhai haibagui jua la malisho na jua lililopiga ndoo ya sampuli. Vyote viwili inaviitikia. Kwa hiyo kila agizo lililomo humu lina shabaha moja: rangi itakayoonekana chini ya hadubini iwe imetokana na yaliyompata mnyama, si yaliyoipata sampuli.

2. Protini inayotafutwa

Mwaka 1962, mtafiti Mwitaliano Ferruccio Ritossa aliona kromosomu za inzi wadogo wa matunda zikifura sehemu fulani baada ya joto la kasha la kufugia kupanda kuliko kawaida. Mwaka 1974, Alfred Tissières na wenzake walionyesha kwamba joto hilo huzifanya seli zitengeneze protini maalumu. Baadaye protini hizo zilipatikana kwa viumbe wa kila namna, kuanzia bakteria hadi binadamu.

Kazi ya Hsp70 ni kuzishika protini nyingine zisipoteze umbo wala kugandamana, na kuzisaidia kujikunja upya. Uzito wake ni karibu kilodaltoni 70. Mtumiaji wa mwongozo huu sharti atofautishe aina mbili za familia hii:

- Hsc70, iliyomo ndani ya seli siku zote, mnyama akiwa mzima au mgonjwa.
- Hsp70 ya msongo, ambayo vitabu vingine huiita Hsp72. Katika seli nyingi zilizotulia huwa kidogo sana, kisha huongezeka sana saa chache baada ya seli kupata msongo.

Inayotafutwa ni hii ya pili. Ikumbukwe pia kwamba joto si chanzo pekee. Homa, upungufu wa oksijeni, damu kukatika kwenye kiungo, metali nzito, maambukizi, uvimbe wa saratani na mbio ndefu huweza kuipandisha. Mbuzi aliyebanwa kwenye lori tangu alfajiri anaweza kuwa nayo hata kama siku haikuwa ya jua kali.

3. Kuchagua kingamwili

Kingamwili za monokloni zilipatikana mwaka 1975, pale Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walipounganisha seli za bandama la panya aliyechanjwa na seli za saratani zisizokoma kugawanyika. Seli iliyozaliwa humo huendelea kutoa kingamwili ya namna moja tu, inayoshika sehemu moja tu ya protini. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Teknolojia hiyo haikuchelewa kufika Kenya: mapema miaka ya 1980 maabara ya ILRAD, ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, jijini Nairobi, ambayo tangu 1994 ni sehemu ya ILRI, ilikuwa ikitumia kingamwili za monokloni kutofautisha aina za vimelea vya ndigana kali.

Kushika sehemu moja tu ndiyo nguvu ya kingamwili hii, na ndiyo inayotulazimu kuichagua kwa makini. Kloni C92F3A-5 huitambua Hsp70 ya msongo na kuiacha Hsc70. Kloni BRM-22 huzitambua zote mbili. Anayetumia BRM-22 bila kujua hilo ataona rangi kwenye tishu ya kila mnyama, hata aliyeshinda kivulini, na atadhani kundi zima limeungua kwa joto.

Kabla ya kununua au kuagiza kipimo, soma karatasi ya maelezo na uhakikishe mambo manne:

1. jina la kloni limeandikwa;
2. inaelezwa kama kloni hiyo hutambua aina ya msongo peke yake au zote mbili;
3. imethibitishwa kwenye tishu iliyokaa katika fomalini na kugandishwa kwenye nta;
4. imejaribiwa kwa mnyama unayemchunguza, au kwa wa jamii yake.

Hsp70 haijabadilika sana kati ya kiumbe na kiumbe, hivyo kingamwili iliyotengenezwa kwa protini ya binadamu huweza kuishika ya mbuzi au ng'ombe. Lakini kuweza si kuthibitisha. Kabla ya kuitumia mara ya kwanza kwa mnyama wa aina mpya, iombe maabara ifanye westani bloti: protini za tishu hutenganishwa kwa umeme kwenye jeli, zikahamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili ikamwagwa juu yake. Utepe mmoja karibu na kilodaltoni 70 unatosha kuendelea. Tepe kadhaa za uzito tofauti maana yake ni kwamba kingamwili inashika visivyotakiwa, au protini imeshameng'enyeka.

4. Ruhusa na usalama kabla ya kisu

Usipasue mzoga unaoshukiwa kuwa na kimeta. Dalili ni kifo cha ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au sehemu ya haja, tumbo kuvimba upesi, na mzoga kutokakamaa. Zuia watu na mbwa, kisha ripoti mara moja kwa ofisi ya mifugo. Hakuna utafiti wa msongo unaostahili kufungua mzoga wa namna hiyo. Vivyo hivyo, mvua kubwa ikifuatwa na mimba kutoka kwa wingi kundini na vifo vya wana-kondoo, shuku homa ya Bonde la Ufa na usiguse tishu wala damu kabla ya maelekezo ya daktari wa mifugo.

Mnyamapori, awe hai au mzoga, yuko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013. Mzoga wa pundamilia kando ya barabara ya Maktau si sampuli ya bure. Kwa utafiti, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kinahitajika pia. Kwa mifugo, mwenye mnyama aombwe idhini na aelezwe kwamba majibu ya kipimo hiki hayafiki siku ya pili. Tishu za binadamu hazihusiki na mwongozo huu; hizo zina kamati zake za maadili.

Fomalini huchoma macho na koo, na huongeza hatari ya saratani kwa anayeivuta miaka mingi. Igawie nje au kwenye chumba chenye hewa ya kutosha, ukiwa na glavu na miwani ya kinga. Isimwagwe kwenye mtaro wa kichinjio.

5. Nusu saa ya kwanza

Hiki ndicho kipengele cha kusoma mara mbili.

Andaa vifaa mnyama akiwa bado hai: chupa zenye fomalini, kisu kikali, ubao, saa, kipimajoto cha hewa na penseli. Ikiwa fomalini inatengenezwa hapo kituoni, kwa kila lita changanya mililita 100 za fomaldehaidi ya dukani (asilimia 37 hadi 40), mililita 900 za maji yaliyosafishwa kwa mvuke, gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye haidrojeni mbili pamoja na molekuli moja ya maji, na gramu 6.5 za sodiamu fosfeti yenye haidrojeni moja isiyo na maji. Chumvi hizo huzuia fomalini isigeuke asidi na kuacha madoa ya kahawia kwenye tishu.

Kisha fuata utaratibu huu:

1. Andika saa ya kufa au kuchinjwa. Kama mzoga ulikutwa, andika saa ulipokutwa, mnyama alipoonekana hai mara ya mwisho, na kama mzoga ulilala juani au kivulini.
2. Fanyia kazi kivulini. Pima joto la hewa hapo unapokatia na uliandike.
3. Chukua vipande vya ini, figo, moyo, pafu na msuli wa paja. Kila kipande kisizidi unene wa milimita 5. Fomalini hupenya polepole. Katikati ya kipande kinene seli hubaki bila kuguswa kwa saa nyingi.
4. Tumbukiza kila kipande mara tu kikatwapo, fomalini ikiwa angalau mara kumi ya ujazo wa tishu. Usikioshe kwa maji ya bomba, usikirundike na vingine kwenye sinia, wala usingoje mnyama wa mwisho kwenye foleni apasuliwe.
5. Andika saa ambayo kipande cha kwanza na cha mwisho viliingia kwenye fomalini. Lengo ni ndani ya dakika 15. Dakika 30 ndiyo mwisho.

Sababu za haraka hii ni mbili. Kwanza, seli za kiungo hazifi dakika ileile moyo unaposimama. Zikikosa damu huku zikiwa bado zina joto la mwili, zinaweza kuanza kuitikia upya, na mwitikio huo haumhusu mnyama alipokuwa hai. Pili, mchana wa Voi mara nyingi hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na kwa joto hilo tishu huoza upesi. Mzoga uliolala juani nusu siku hautoi jibu la kuaminika la Hsp70. Sampuli yake inaweza kuchukuliwa kwa vipimo vingine, lakini kwa hiki iandikwe kwamba haifai.

Mzoga haujielezi ulikotoka, kwa hiyo uliza na uandike pia historia ya mnyama: aina, umri, jinsi, alitoka ranchi au kijiji gani, alitembezwa au alibebwa kwa lori, alikaa zizini saa ngapi kabla ya kuchinjwa, na kama alipewa maji.

6. Wanyama wa kulinganisha

Nambari peke yake haina maana mpaka iwekwe kando ya nyingine. Taita Taveta ina nafasi ambayo kaunti nyingi hazina: mji wa Voi uko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, Wundanyi uko kwenye vilima vyenye baridi, na kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Mwendo wa gari usiofika nusu siku unakupa mbuzi wa bondeni na mbuzi wa mlimani.

Chukua sampuli za wanyama wazima wanaochinjwa kawaida katika sehemu zote mbili, wa aina na umri unaokaribiana, kwa mikono ileile na kwa saa zilezile za siku. Usimlinganishe mbuzi wa Wundanyi aliyechinjwa saa kumi na mbili alfajiri na wa Voi aliyechinjwa saa nane mchana, kisha ukasema tofauti ni ya mahali. Wala usichukulie kwamba wa bondeni lazima awe na Hsp70 nyingi. Mnyama aliyezoea joto anaweza kuwa na mwitikio tofauti na yule aliyelikuta ghafla, na huenda huyo wa mlimani, akishushwa Voi kwa siku moja, ndiye atakayeonyesha rangi zaidi.

7. Kusafirisha na kutunza

Tishu ikae kwenye fomalini saa 24 hadi 48. Ikiwa safari itachelewa zaidi ya hapo, ihamishie kwenye alkoholi ya asilimia 70, kwa sababu fomalini ikizidi muda huifunga protini kiasi cha kingamwili kushindwa kuifikia. Isigandishwe, na isiachwe kwenye buti la gari lililoegeshwa juani.

Lebo iandikwe kwa penseli na itiwe ndani ya chupa, kwani wino huyeyuka kwenye alkoholi. Chupa ifungwe kwa utepe, iingie kwenye mfuko usiovuja wenye pamba ya kunyonya, kisha kwenye boksi gumu. Mwambie msafirishaji kilichomo.

Kingamwili nayo ina masharti yake. Igawanye kwenye vichupa vidogo siku inapofika, uitunze kwa joto lililotajwa na mtengenezaji, na usigandishe tena kichupa kilichokwisha kuyeyuka. Isikae kwenye mlango wa friji. Umeme ukikatika, andika saa ulipokatika na uliporudi, na joto la friji lililosomwa.

8. Kutia rangi

Hatua zifuatazo ni za maabara itakayopokea vipande. Zimewekwa hapa ili anayetuma na anayepokea wazungumze jambo moja.

1. Kata vipande vya nta kwa unene wa maikromita 4, uviweke kwenye slaidi zilizotiwa chaji, na uvikaushe.
2. Ondoa nta kwa zailini, kisha pitisha kwenye alkoholi zinazoshuka hadi maji.
3. Fungua protini zilizobanwa na fomalini: bafa ya sitreti ya milimola 10, pH 6.0, nyuzi 95 hadi 98, dakika 20. Kisha acha ipoe dakika 20.
4. Zima peroksidesi ya tishu yenyewe kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, dakika 10. Ini, figo na bandama zisiposhughulikiwa hapa hutoa rangi ya uongo.
5. Funika kwa seramu ya kawaida, dakika 20 hadi 30.
6. Weka kingamwili ya monokloni. Mara ya kwanza jaribu kuizimua 1:100, 1:200, 1:400 na 1:800, uchague ile inayotoa rangi safi bila kuchafua usuli. Iache usiku kucha kwa nyuzi 4 ndani ya kisanduku chenye unyevu.
7. Osha mara tatu, dakika 5 kila mara, kwa bafa isiyo na sodiamu azaidi, maana azaidi huua peroksidesi.
8. Weka kingamwili ya pili iliyounganishwa na polima, dakika 30. Mfumo wa polima ni bora kuliko wa biotini, kwa sababu ini na figo zina biotini yao. Chagua iliyosafishwa isishike kingamwili za ng'ombe, mbuzi na kondoo.
9. Weka DAB, kemikali inayotoa rangi ya kahawia, huku ukitazama chini ya hadubini, na usimamishe slaidi zote kwa muda uleule. DAB ni sumu, vaa glavu.
10. Tia hematoksilini kidogo, kausha, funika.

Maelezo mengi ya watengenezaji husema «joto la chumba», wakimaanisha nyuzi 20 hadi 25. Maabara isiyo na kiyoyozi huku Pwani haina joto hilo. Ndiyo sababu usiku kucha ndani ya friji ni salama kuliko saa moja mezani.

9. Kontroli

Slaidi isiyo na kontroli isiripotiwe. Kila kundi la kutia rangi liwe na:

- Kontroli chanya. Inaweza kutengenezwa kwa damu ya mbuzi mzima. Tenga seli nyeupe, zipashe kwa nyuzi 43 kwa saa moja, kisha zipumzishe kwa nyuzi 39 kwa saa nne hadi sita ili zipate nafasi ya kutengeneza protini. Ziviringe kwenye agari, zitie fomalini na nta kama tishu nyingine. Nyuzi 39, si 37, kwa kuwa hilo ndilo joto la mwili wa mbuzi.
- Kontroli ya seli zisizopashwa. Damu ileile, saa zilezile, nyuzi 39 mwanzo hadi mwisho. Hii ikichukua rangi sawa na zilizopashwa, huenda kloni inashika Hsc70, au utengaji wa seli wenyewe umezitia msongo.
- Kontroli hasi. Tishu ileile ya mnyama anayechunguzwa, ikiwekewa kingamwili ya panya ya aina ileile (kwa C92F3A-5 ni IgG1) isiyolenga chochote, kwa kiwango kilekile cha protini.

Kontroli moja ikifeli, kundi zima hurudiwa. Haijalishi slaidi ya mnyama inapendeza kiasi gani.

10. Kusoma slaidi

Wasomaji wawe wawili, kila mmoja peke yake, bila kujua mnyama ametoka Voi au Wundanyi. Kila mmoja aandike ukali wa rangi kuanzia 0 hadi 3 na asilimia ya seli zenye kila kiwango. Zidisha kiwango kwa asilimia yake na ujumlishe. Jibu litakuwa kati ya 0 na 300.

Angalia pia rangi imekaa wapi. Wakati wa msongo wa joto Hsp70 hukusanyika ndani ya kiini cha seli, na seli inapopata nafuu hurudi kwenye saitoplazimu. Kiini kilichokolea huelekea kwenye msongo wa karibuni, lakini hakitoshi kutaja saa.

Makosa ya kuepuka ni haya:

- Kingo za kipande kukolea kuliko katikati. Mara nyingi ni kukauka, si msongo. Usizihesabu.
- Chembe za kahawia za hemosiderini na lipofusini, ambazo huonekana sana kwenye ini na bandama za wanyama waliodhoofika, na hufanana na DAB. Zitafute kwenye slaidi ya kontroli hasi. Zikiwepo pale pia, si Hsp70. Panapokuwa na shaka, rudia kwa rangi nyekundu ya AEC.
- Sehemu zilizokufa au kuoza. Zitaje, lakini usizisome.
- Kuchukulia «hakuna rangi» kuwa «hakukuwa na joto». Seli huhitaji saa kadhaa kutengeneza protini. Mnyama aliyeanguka na kufa upesi kwa joto kali anaweza asionyeshe kitu.

11. Ripoti

Ripoti itaje jina la kloni, kiwango ilichozimuliwa, muda kati ya kifo na fomalini, joto la hewa mahali pa kukatia, matokeo ya kontroli zote, na alama za wasomaji wote wawili kabla hawajakubaliana.

Hitimisho liandikwe kwa kipimo cha ushahidi. Linalokubalika ni kama hili: «Hsp70 ya msongo imepatikana kwa wingi kwenye figo na ini, hii inalingana na msongo uliotokea saa kadhaa kabla ya kifo, chanzo hakiwezi kuthibitishwa kwa kipimo hiki peke yake.» Lisilokubalika ni: «Mnyama amekufa kwa joto.» Sentensi ya pili inaweza kumfikisha mwenye lori mahakamani au kumnyima mfugaji fidia, na slaidi haina uwezo wa kuibeba.

Vitalu vya nta na slaidi zilizobaki vihifadhiwe, vikiwa na namba zilezile za daftari la kichinjio, ili maabara nyingine iweze kurudia kipimo endapo matokeo yatapingwa.